Wakuu, gramafoni ya "Mjerumani" hapa Tabora, ninunue au napigwa?

Kijana wa Isevya
Habari za muda huu wakuu. Naomba kujuzwa na wenye uzoefu na hizi gramafoni za zamani na santuri zake. Nipo Tabora mjini, kuna mzee kule Ng'ambo anauza vitu vya marehemu kaka yake, makabati, cherehani, saa za ukutani, sasa stoo kuna gramafoni mbili. Ya kwanza ni ile ya kwenye picha kabisa, boksi la mbao la pembe nane, tarumbeta kubwa la shaba linang'aa hatari, na kibati cha mbwa anasikiliza kimeandikwa His Master's Voice Made in England. Mzee anasema iliachwa na Mjerumani wa reli kabla ya vita vya kwanza, anataka milioni moja na laki mbili na hashuki hata shilingi.

Ya pili ni kisanduku cheusi cha kubeba kwa mkono, ukifunua unakuta sahani ya kuzungushia, mkono wa chuma na hendeli imechomekwa ndani, nayo ina yule mbwa na kibati kidogo cha namba, 102. Hii anasema laki na nusu na anatupia juu kasha la bati la santuri, anaziita makorokoro. Nimeijaribu, inazunguka ila katikati ya wimbo inaishiwa nguvu, halafu sauti inavuma kama nyuki kwenye kopo.

Santuri sikuzihesabu, lebo nilizosoma ni Ngoma, Loningisa, HMV (hiyo hiyo His Master's Voice) yenye herufi GV, Gallotone, na mbili za HMV zimefifia nimeambulia neno Siti tu. Moyo wangu upo kwenye lile tarumbeta jamani, sebuleni lingekaa vizuri. Nishaurini kabla sijatoa hela, jumamosi narudi kwake.

MachoYaPaka
Mkuu usitoe hata mia. Hilo ni changa la macho. Zinatengenezwa India miaka na miaka kwa ajili ya watalii na wapenda mapambo, ukienda Zanzibar kwenye maduka ya vitu vya kale utazikuta zimepangwa. Wanachofanya wanachomoa mashine kwenye visanduku kuukuu kama hicho cha pili, wanaitia kwenye boksi jipya la pembe nane, wanabandika mbwa, kazi imeisha.

Ukirudi geuza boksi chini, ukikuta plaiwudi au mbao mpya iliyopakwa rangi ionekane kuukuu ushajua. Angalia skrubu, zile za nyota zimeanza kuenea miaka ya 1930, sasa mashine ya kabla ya 1914 inazipata wapi, za zamani ni za mstari mmoja. Halafu angalia kile kiwiko cha nyuma kinachoshika tarumbeta, kwenye orijino kimefungwa vizuri na mkono, sauti haina pa kutorokea, kwenye feki unakuta chuma cha kumwaga kimekaa ovyo na uwazi unaona mwanga upande wa pili.

Na stori ya Mjerumani wa reli ni tamu, sibishi reli imefika Tabora 1912 na magramafoni yalikuwepo, lakini kwao Hannover kulikuwa na kiwanda cha santuri tangu 1898, yeye ndo ajihangaishe na Made in England? Mzee mwenyewe sio tapeli pengine, atakuwa kauziwa hivyo kaka mtu.

Mjukuu wa Ujiji
Nyie mnaongelea tarumbeta, mimi nimekwama kwenye hilo kasha la bati. Kijana wa Isevya soma tena ulichoandika mwenyewe: Ngoma, Loningisa, GV, Gallotone. Hiyo ni historia ya muziki wa huku kwetu imekaa stoo inaitwa makorokoro aisee.

Ngoma ni kampuni ilianzishwa Leopoldville (Kinshasa ya sasa) mwaka 1948 na Mgiriki anaitwa Nicolas Jeronimidis, ndo waliotoa ule wimbo Marie-Louise wa mwimbaji Wendo. Loningisa imekuja 1950, ya Mgiriki mwingine Papadimitriou, na Franco, yule mpiga gitaa wa Kongo, kaanza kurekodi hapo 1953 akiwa kijana mdogo tu. Kwahiyo lebo hiyo unaweza ukashika kitu cha mwanzo mwanzo kabisa cha rumba ya Kongo. Na GV ndo mama yao hao wote, HMV walianza kuitoa 1933, nyimbo za Cuba zilizokuwa zimesharekodiwa wakazileta Afrika kuuza, Wakongo wakazisikia wakaona mbona hii ngoma ni yetu, wakachukua magitaa. Yaani ukitaka kuelewa kwanini wazee wa Kigoma wakisikia gitaa la Kongo wanainuka wenyewe anzia hapo, ziwa hili linatenganisha nchi kwenye ramani tu, huku watu, samaki na muziki vinavuka kila siku.

Gallotone ni ya Afrika Kusini. Hiyo iangalie vizuri jina la mwimbaji, maana Hugh Tracey, yule mzungu aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alipita Katanga kule Kongo 1952 akamrekodi Jean Bosco Mwenda anapiga gitaa kavu kwa vidole viwili na kuimba Kiswahili cha kule, Masanga ile, ikatoka kwa lebo hiyo hiyo. Ukiikuta niambie nipande treni usiku huo huo. Laki na nusu kwa kasha zima? Toa hata mbili.

Tumbaku Hailipi
Mnakuza mambo wadau. Nyimbo zote hizo zipo youtube bure na zimesafishwa, unahangaika na masahani yanayokwaruza ya nini. Mi naona achukue hilo la tarumbeta ashushe bei mpaka laki tatu, feki au orijino nani atajua, wageni wakija wanapiga nalo picha. Mwenye lodge hapa Tabora anaweza hata kulinunua kwako kwa faida.

MachoYaPaka
@Tumbaku Hailipi kama pambo sawa kwa laki tatu ruksa, ila asimuuzie mtu kwa jina la Mjerumani. Na sio zote zipo youtube, santuri nyingi za Kiswahili zilichapwa chache, ukisikia moja imepatikana stoo jua huenda hapo nchini hakuna nyingine inayopigika.

Fundi Saa wa Mwanga
Nimechelewa kuuona uzi, nilikuwa Kibirizi. Natengeneza saa na redio hapa Mwanga Kigoma na hizo 102 zimepita mikononi mwangu, ni mashine nzuri kuliko zote za kubeba, imeanza 1931 na walitengeneza kwa muda mrefu, chuma chake hakina ujanja ujanja. Niseme kuhusu ugonjwa wake maana kijana kaueleza vizuri.

Kuishiwa nguvu katikati ya wimbo mara nyingi ni grisi. Ile springi kubwa imejikunja ndani ya kopo lake, grisi ya miaka sitini imekauka imekuwa kama gundi, mikunjo inashikana haiachii nguvu taratibu. Dawa yake ni kuitoa, kuiosha na mafuta ya taa, kuikausha, kuipaka grisi mpya yenye grafaiti. LAKINI kijana usifungue hilo kopo mwenyewe nakuomba, springi ile ikichomoka inachana mkono, hata ikiwa imeachiwa yote bado ina nguvu ya kukaa humo ndani. Peleka kwa mtu aliyezoea saa kubwa za ukutani, mwambie aiachie yote kwanza iishe ndo aguse nati. Sehemu za gavana, yaani kidhibiti cha spidi chenye vizito vinavyozunguka, hizo weka tone la mafuta ya cherehani basi, grisi hapana.

Sauti ya kuvuma inatoka kwenye kichwa, kile kidude cha duara kinachoshika sindano. Ndani kuna bati jembamba la alumini limebanwa na mipira miwili, mipira ikizeeka inakuwa migumu kama plastiki bati halichezi sawasawa. Mimi natumia ule mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli za zamani, unapima mzunguko unakata unafunga taratibu usilikunje bati, utashangaa sauti itakavyofunguka.

Sasa sindano, hapa ndo watu wanaua santuri bila kujua. Sindano ya chuma ni ya upande mmoja tu wa wimbo, ukigeuza unaweka nyingine. Santuri zile zimechanganywa na unga wa mawe makusudi ili uisage ncha ya sindano ikae sawa na mfereji, ikishasagika ikapata makali ndo inaanza kuchimba. Huo mkono ni mzito, unazidi gramu mia, sio kama wa pleya ya umeme wa gramu chache. Ndo maana zamani kopo la sindano lilikuja na mia mbili, halikuwa anasa. Ukikuta sindano iliyopo sasa hivi kwenye mashine itoe tupa, hujui imepiga ngapi. Na kitu kingine, zile sahani ndogo za spidi 45 za bendi za huko Tabora, kina Kiko Kids na Tabora Jazz, USIWEKE kabisa kwenye mashine hii, hizo ni plastiki laini, mara moja tu umeichonga.

Spidi: bandika kikaratasi pembeni ya sahani, piga santuri, hesabu dakika nzima, kipite mara 78, ndo spidi ya santuri hizi.

Kijana wa Isevya
Dah wakuu nimerudi, shukrani sana. Jumamosi nilienda, nikamuamkia mzee nikamuomba tugeuze boksi pamoja. Skrubu za nyota zimejaa na chini ni plaiwudi mpya kabisa. Mzee akaangaliaa, akacheka, akasema "basi huyo Mjerumani alikuja na fundi wa Kihindi". Hakukasirika, ila kasema milioni na laki mbili ipo pale pale maana mjini wanunuzi ni wengi. Nimechukua 102 na kasha kwa laki na thelathini. Masanga hakuna @Mjukuu wa Ujiji pole, Gallotone ni kwaya. Ila GV zipo kadhaa na Loningisa mbili hazina ufa. Zile mbili za Siti zina vumbi na ukungu mweupe, nataka kuzifuta na spiriti kisha nizijaribu.

Bint Malindi
SPIRITI USIGUSE!! Kaka nakuomba kwa hisani yako. Santuri za zamani zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa India, shelaki, ile ile wanayopigia vanishi mafundi seremala, na inayeyushwa na spiriti. Utafuta vumbi na wimbo pamoja.

Chukua maji ya uvuguvugu yasiwe ya moto, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini au brashi laini, fuata mzunguko wa mifereji usikatize, lebo isilowe, suuza, simamisha kivulini ikauke. Zilizovunjika pembeni au zenye ufa usizioshe kwanza, maana kuna santuri zina karatasi ndani, Columbia hasa, maji yakiingia zinavimba. Ukimaliza zihifadhi zimesimama, usizilaze moja juu ya nyingine na usiziweke karibu na dirisha, jua la Tabora litazikunja.

Na hizo mbili za Siti, kama kweli ni bi Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Unguja, basi tulia kidogo. Yeye na wenzake walisafirishwa Bombay 1928 kurekodi kwa HMV, wakati huo huku hakuna studio, na zilivyofika Unguja na mrima zilinunuliwa vibaya sana, watu wakanunua gramafoni kwa ajili yake. Kufika kwake Tabora wala sishangai, wafanyabiashara wa pwani wamejaa huko tangu enzi za misafara. Usizipige kwenye 102. Zinatakiwa zihamishwe kidijitali kwanza na pleya ya umeme yenye spidi ya 78 na sindano yake maalum, nene kama mara tatu ya ile ya LP (zile sahani kubwa za plastiki), maana mfereji ni mpana, ukitumia ya LP inashuka mpaka kwenye tope la chini unasikia makelele tu. Mwaka wa kurekodiwa utafute kwa zile namba zilizochongwa karibu na lebo, zipige picha kwa mwanga wa pembeni utaziona.

Mnyanyembe
Hongera kijana. Niongeze kidogo tu kwa wanaodhani Tabora tumeanza kusikika kwenye mashine enzi za santuri. Nyimbo za Wanyamwezi zilishanaswa kwenye silinda za nta enzi za Mjerumani, mashine ya Edison ya kuzungusha kwa springi, silinda moja kama dakika mbili hivi. Erich von Hornbostel, Muaustria aliyekuwa anaongoza hifadhi ya sauti ya Berlin, akaziandikia uchambuzi mrefu 1909 na noti zake za muziki. Hifadhi ile ilianza 1900, na UNESCO wameiweka kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia 1999. Kwahiyo ukitaka la Mjerumani kweli ndo hilo, na halina tarumbeta la shaba.

Kijana wa Isevya
Nimeacha spiriti, asante Bint Malindi, ingekuwa msiba. Namba nimeziona, napiga picha kesho mchana. Sasa swali la mwisho, kuna mtu ana pleya ya 78 karibu? Hapa Tabora nimezunguka nimeonyeshwa pleya mbili, zote zinaishia 45.

Fundi Saa wa Mwanga
Ninayo moja ya vali, spidi nne, sindano ya 78 ipo mpya haijaguswa. Njoo Kigoma na treni, santuri shika mkononi usipakie mizigo, funga moja moja kwenye gazeti ziwe zimesimama. Na hiyo 102 ije nayo, springi nitaifanya mimi.

Mjukuu wa Ujiji
Na zile GV zije. Mimi nachangia nauli ya kurudi.