Toyota IST yenye injini ya 1NZ: msimbo P0171 umerudi baada ya kubadilisha sensa

Mwenye IST:

Habari zenu wakuu. Ninaendesha Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, cc 1,500. Miezi miwili iliyopita taa ya injini iliwaka, na fundi aliyelipima gari kwa mashine akasoma msimbo P0171, kwamba mchanganyiko unaoingia kwenye injini una hewa nyingi kuliko mafuta. Alinishauri nibadilishe sensa ya oksijeni, nami nikaibadilisha kwa fedha ambayo hadi leo inaniuma, lakini siku ya nne taa ikawaka tena. Likiwa silensa (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta), hasa asubuhi, gari linatetemeka na mshale wa mizunguko unapanda na kushuka, ila likishaingia barabarani silioni tatizo. Je, nianze na pampu ya mafuta, nozeli au plagi? Sitaki kununua kifaa kingine kwa kubahatisha.

Spana Kumi:

Pole sana mkuu. Huenda sensa uliyoitoa ilikuwa nzima na ndiyo iliyokuwa ikisema kweli. Kazi yake ni kupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Ikiikuta nyingi, kompyuta ya gari huziacha nozeli (vinyunyizio vya mafuta) wazi kwa muda mrefu zaidi ili kuurudisha mchanganyiko kwenye uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Msimbo P0171 hutokea pale kompyuta inapokuwa imeongeza mafuta hadi kukaribia ukomo wake na bado sensa inalalamika.

Nyongeza hiyo husomeka kwa asilimia. Tafuta kifaa cha kupimia kinachounganishwa na simu (vile vya bei rahisi wakati mwingine hukataa kuzungumza na magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, kwa hiyo kijaribu kabla ya kulipa), kisha usome marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu, uyajumlishe. Soma mara mbili: injini ikiwa imeshapata moto na iko silensa, halafu ukiwa umekanyaga mafuta na kushikilia mizunguko 2,500 kwa dakika. Tuletee namba zote mbili.

Mwenye IST:

Nimeazima kifaa kwa jirani. Silensa jumla ni +24. Kwenye mizunguko 2,500 inashuka hadi +9.

Spana Kumi:

Basi achana na pampu kwa sasa. Kuna hewa inayoingia baada ya sensa ya kupimia hewa, yaani hewa ambayo kompyuta haijaihesabu. Tundu la mpira uliopasuka halibadiliki ukubwa: injini ikiwa silensa inavuta hewa kidogo tu, kwa hiyo ile ya wizi huwa sehemu kubwa ya hewa yote, lakini throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) ikifunguka na hewa halali ikawa nyingi, ya wizi haionekani sana. Kama pampu au filta ya mafuta ndiyo ingekuwa mbovu, ungeona kinyume chake, yaani namba nzuri silensa na mbaya kadiri unavyolidai gari nguvu.

Kagua mpira wa bomba kubwa kati ya sensa ya hewa na throto, mpira wa buster ya breki (kifaa kinacholainisha breki), gasketi ya manifoldi ya kuingizia hewa (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda), na zaidi ya vyote ule mpira mfupi unaotoka kwenye valvu ya kupumulia iliyo juu ya injini kwenda kwenye manifoldi. Huo hukauka kwa joto, na hupasuka upande wa chini ambako jicho halifiki.

Msafiri wa Kitonga:

Naomba kuongeza mambo mawili. Kwanza, kama ekzosi inavuja kabla ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje huingia na sensa hudanganyika. Vivyo hivyo plagi au koili isiyochoma vizuri hupitisha oksijeni ambayo haikutumika. Kwa hiyo sikiliza kama kuna mlio wa tik-tik injini ikiwa ya baridi. Pili, wengi hutafuta uvujaji kwa kupuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye mipira na kusikiliza kama mngurumo utabadilika. Njia hiyo inafanya kazi, lakini dawa hiyo inawaka; usiipulize karibu na ekzosi ya moto.

Nasisitiza haya kwa sababu niliwahi kudharau tatizo kama hili, ila langu lilikuwa la upande wa mafuta, na nikapanda mlima Kitonga na mzigo. Injini iligonga njia nzima ya kupanda. Pampu ilipopimwa, presha haikufika hata kPa (kilopaskali) 250, wakati injini hii inahitaji kati ya kPa 304 na 343.

Mwenye IST:

Mrejesho. Mpira wa valvu ya kupumulia kwa juu ulionekana mzima kabisa, hata unang'aa. Nilipopitisha kidole gumba chini ya kona yake nikahisi ufa wa karibu sentimita mbili, na nilipoubana kwa vidole mshale wa mizunguko ulitulia palepale. Nimenunua mwingine kwa bei isiyofika hata robo ya bei ya ile sensa. Baada ya kufuta msimbo na kuendesha kwa siku tatu, silensa ni +5. Hata hivyo, kwenye mwendo wa barabara kuu bado naona +10. Je, niipuuze?

Spana Kumi:

Usiipuuze, ila usiogope pia. Huenda sensa ya kupimia hewa ina vumbi kwenye uzi wake, hivyo inaripoti hewa pungufu. Ifungue taratibu, uipulizie dawa maalumu ya sensa hizo (si ile ya kabureta), usiguse uzi kwa kitambaa wala kidole, na uiache ikauke kabisa kabla ya kuwasha gari. Ikibaki +10 baada ya hapo, ndipo upime presha ya mafuta.