Tupeane uzoefu: maveterani tulioko Marekani na safari ya kumfikia daktari bingwa

Ndugu zangu tuliotumikia jeshi la Marekani, naomba tupeane uzoefu wa jambo tunalolizungumza kila tukutanapo harusini na misibani, yaani namna sheria za matibabu ya maveterani zinavyobadilika. Wengi wetu tuliingia kwa mpango wa MAVNI, uliowachukua wahamiaji wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwamo, na hatukuwa na baba wala mjomba aliyepita njia hiyo akatuelekeza. Naanza na langu.

Nilitumwa Djibouti, na niliporudi nikaanza kukohoa usiku hadi mke wangu akahamia chumba cha watoto. Kabla ya sheria ya PACT, yaani ile ya maveterani waliodhuriwa na moshi na sumu kazini, iliyotiwa saini tarehe 10 Agosti 2022, nilitakiwa kuthibitisha mwenyewe kwamba pumu yangu ilitokana na moshi wa taka zilizokuwa zikichomwa. Sasa aliyetumikia huko tangu Septemba 11, 2001, na pumu ikagundulika baada ya utumishi, huhesabiwa kuwa aliipata kazini. Madai yangu yakapita, daktari akaniandikia rufaa ya bingwa wa mapafu, nami nikadhani shughuli imekwisha.

Karani wa hospitali ya maveterani alipiga simu akataja tarehe iliyokuwa miezi mitatu mbele, kisha akauliza iwapo inanifaa. Kwa adabu tuliyolelewa nayo nikajibu, “Inafaa, asante sana.” Kumbe sheria ya MISSION, iliyoanza kutumika Juni 2019, inampa veterani haki ya kwenda kwa bingwa wa nje ya hospitali za maveterani iwapo miadi itazidi siku 28 tangu ombi lilipowekwa, au safari kwa gari itazidi wastani wa dakika 60, isipokuwa awe amekubali mwenyewe tarehe ya mbali. Ile “inafaa” yangu iliandikwa kuwa kukubali. Nilipopiga simu tena na kuuliza kama nastahili daktari wa nje, nilimwona bingwa baada ya siku 19.

*Mchangiaji wa Minnesota:* Kaka, wewe umekuta afueni. Chini ya sheria ya 2014, iliyotangulia hiyo ya MISSION, kipimo kilikuwa siku 30 au maili 40, na mwanzoni maili hizo zilipimwa kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, kana kwamba sisi ni ndege. Kliniki ndogo ya maveterani ilikuwa maili 22 kutoka kwangu. Haikuwa na daktari wa moyo, lakini kwa kuwa ilikuwapo, nilihesabiwa kuwa niko karibu na huduma. Nikawa naendesha gari saa mbili na nusu katika theluji kwenda hospitali kubwa.

*Mchangiaji wa Texas:* Mimi nilipewa daktari wa nje, lakini kibali kilikwisha muda kabla ya ziara ya tatu, na bili ikaja nyumbani. Ilichukua miezi saba kuiondoa. Siku hizi nabandika barua ya kibali mlangoni mwa friji, na kwenye tarehe ya mwisho nimepiga mstari mwekundu.

*Dada wa Ohio:* Naomba nitofautiane kidogo. Tangu Mei 2025 hakuhitajiki tena daktari wa pili wa ndani kuidhinisha rufaa ya nje, na wengi wamefurahi. Hata hivyo bingwa wa neva niliyepelekwa kwake alikuwa na foleni ndefu kuliko ile niliyoikimbia, hakuwa amepokea picha zangu za kichwa, na alinitaka nimweleze mlipuko wa bomu la barabarani ni kitu gani. Nilirudi hospitali ya maveterani, nikasubiri siku 41 kwa hiari yangu.

Dada, ahsante, hilo la picha limenigusa, kwa kuwa nami nilirudia kipimo cha mapafu kwa sababu hiyohiyo. Je, kuna aliyefanikiwa kubeba kumbukumbu zake mwenyewe mkononi, na bingwa wa nje akazikubali?

*Mchangiaji wa Minnesota:* Mimi. Niliziomba siku tano kabla, nikapewa kwenye diski, na daktari akazifungua mbele yangu.