Waovu wa filamu za kale za kutisha za Uingereza: je, huu ni uigizaji mbovu?

MleziWaDrama: Hamjambo wapenzi wa filamu. Mimi hulea chama cha drama katika shule moja hapa Nairobi, na juzi niliwaonyesha wanafunzi *Sweeney Todd* ya mwaka 1936, ile ya kinyozi wa London ambaye kiti chake hupinduka na kumtumbukiza mteja katika chumba cha chini. Badala ya kuogopa, walicheka. Tod Slaughter, anayemwigiza kinyozi huyo, hukodoa macho, husugua viganja na kuchekelea peke yake hata kabla hajamdhuru mtu. Je, huu ni uigizaji mbovu, au kuna jambo ambalo sisi tuliozoea filamu za sasa hatulioni?

PaziaJekundu: Mwalimu, si ubovu hata kidogo. Slaughter, aliyezaliwa mwaka 1885, alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi alipoigiza katika filamu yake ya kwanza, *Maria Marten*, mwaka 1935, na kabla ya hapo alikuwa ameendesha ukumbi wa Elephant and Castle, kusini mwa London, ambako melodrama za karne ya 19, yaani michezo ya kuigiza yenye hisia kali na waovu wa wazi, ziliigizwa mbele ya watu waliomzomea mwovu kwa furaha. Kisa cha Maria kilitokana na mauaji ya kweli ya mwaka 1827 katika kijiji cha Polstead, na muuaji, William Corder, alinyongwa mwaka uliofuata. Kwa kuwa kila mtazamaji alimjua muuaji tangu mwanzo, mwigizaji hakuwa na siri ya kuficha. Kazi yake ilikuwa kuuonja uovu huo hadharani na kumfanya mtazamaji aone haya kwa kuufurahia pamoja naye. Filamu yenyewe huanza kwa kuwatambulisha wahusika jukwaani, mmoja baada ya mwingine, kwa hivyo hakuna anayejifanya kwamba tunatazama maisha halisi. Wanafunzi wako walicheka mahali panapostahili.

Mkosoaji_Ngara: Nakubaliana na ndugu hapo juu, ila tusiwapambe kupita kiasi. Sheria ya mwaka 1927 ililazimisha sinema za Uingereza zionyeshe kiasi fulani cha filamu zilizotengenezwa Uingereza, na matokeo yake yakawa filamu nyingi za haraka na za gharama ndogo. George King, aliyeongoza nyingi za Slaughter, alifanya kazi katika mazingira hayo, na ndiyo maana baadhi ya maonyesho yanachosha kila mwovu asipokuwepo. Bora zaidi, kwa maoni yangu, ni *Crimes at the Dark House* ya mwaka 1940, iliyotokana na riwaya ya Wilkie Collins: inaanza na mwovu akimuua mtu aliyelala kwa kumpigilia kigingi cha hema sikioni, kisha anajipachika jina la marehemu na kwenda kurithi mali yake Uingereza.

MleziWaDrama: Nawashukuru nyote. Nitawaonyesha *Maria Marten* na kuwaruhusu wazomee. Swali la mwisho: mzazi mmoja amesikia habari ya pai za nyama ya watu katika kisa cha kinyozi. Nimjibu nini?

PaziaJekundu: Mwambie kwamba filamu ya 1936 hudokeza tu, pai zinaonekana, lakini kilichomo ndani hakitajwi waziwazi. Kigingi cha hema ndicho ningekihofia zaidi, kwa hivyo hiyo ya 1940 itazame peke yako kwanza.