Naomba ushauri: daftari la marehemu nyanya lisomwe kwenye arobaini?

Mjukuu_wa_Kuze: Assalaam aleikum. Nyanya yetu, mamake baba, ametangulia mbele ya haki wiki tatu sasa, tumemzika makaburi ya Kikowani, hapa Mombasa. Wengi wa Mji wa Kale mwamjua hata nisipomtaja jina. Ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kike mtaani kwetu, miaka zaidi ya 40. Mlango ukibishwa saa nane za usiku, hatia neno: atawadha, ajitanda buibui, huyo ashuka ngazi. Akirudi haulizwi kitu. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumuuliza ameona nini, akanambia, "Mwosha hana macho, mwanangu."

Chini ya mto wake tumekuta daftari la shule, jalada limetoka, limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ndugu yangu aliyepita madrasa alijaribu, akawa atamka asichokielewa. Ni majina ya wanawake, na baadhi yao wameandikiwa "sada" na hesabu ya pesa. Tukadhani ni sadaka, ameikatiza. Shangazi mkubwa akavaa miwani, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Hii ni sanda."

Yaani waliokosa cha kununulia sanda, nyanya alinunua yeye, vitambaa vitano kwa kila mmoja, kwa pesa zake za mahamri. Hakumwambia mtu, hata wanawe.

Sasa ami ataka orodha isomwe siku ya arobaini, watu wajue mamake alikuwa nani. Uchungu wake nauelewa, hata mimi nimelia. Lakini watoto wa marehemu hao watakuwa wamekaa papo hapo jamvini. Mimi mjukuu tu, nitamkabili vipi?

Bint_Makadara: Makiwa, dada. Mwosha ametakiwa asitiri alichokiona kwa maiti, na ufukara wa mtu nao ni katika ya kusitiriwa. Nyanya ameshika amana hiyo mpaka kaburini, msiifungue nyinyi. Usimkabili ami yako. Mtume shangazi, aende kwake baada ya alasiri, wawili tu, dada na nduguye.

Baharia_wa_Likoni: Mimi nakhitalifiana kidogo. Wema wote ukifichwa, watoto wetu watajifunza kwa nani? Semeni alinunulia watu sanda, majina yaacheni. Na tazameni vizuri kama humo hamna deni, kwa sababu deni hulipwa kabla mirathi haijagawanywa.

Mwalimu_Mstaafu: Kijana hakukosea kusoma. Katika mwandiko ule wa zamani, n na m zinazotangulia herufi nyengine mara nyingi haziandikwi, basi "simba" huwa "siba". Tena e na i alama yake moja, o na u vivyo hivyo. Asiyeijua lugha ya wazee atapotea. Pigeni picha kila ukurasa mchana, karibu na dirisha, wala msibandike gundi. Na shangazi huyo mkalieni karibu! Muyaka, yule malenga wa Mombasa, alifariki 1840, na mashairi yake tunayo kwa kuwa Mwalimu Sikujua aliwafuata wazee, akayaandika kwa herufi hizo hizo.

Mgeni_08: Nimesoma huu uzi mara tatu. Kama ndiye ninayemdhani, ndiye aliyemuosha mamangu. Tulikuwa wadogo, baba yuko baharini, na sanda ilitoka wapi hatukuuliza. Arobaini nitakuja na wanangu kumsomea Yasini. Jina la mama naomba libaki humo daftarini.

Mjukuu_wa_Kuze: Mgeni, Allah akulipe. Maneno yako shangazi amemsomea ami kama ulivyoyaandika. Ami akalichukua daftari, akalinusa, bado lanukia udi, akalirudisha mkononi mwa shangazi bila ya neno. Siku ya arobaini atasema mwenyewe kwamba mamake alikuwa akiosha na kuwasitiri watu, basi.

Deni limepatikana moja, la unga wa ngano dukani. Limelipwa jana.

Na mimi nimeanza kufundishwa na shangazi kusoma, kila siku baada ya magharibi. Tumefika ukurasa wa tatu. Usiku wa Ijumaa nyanya alikuwa akijifungia chumbani na daftari hili, na sasa twajua alikuwa akifanya nini. Ijumaa hii tutajifungia sisi wawili, kila jina na Fatiha yake.