Lainibeka hapimwi kwa saa ya mbio! Acheni kutujazia orodha za drafti msizozifanyia kazi

Wakuu, salamu baadaye.

Kila msimu wa drafti ya NFL ukikaribia (pale timu za ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani zinapochagua vijana wa vyuoni kwa zamu) hali ni ile ile. Mtu anaamka, anafungua uzi: "Timu yetu haina lainibeka, tuchukue huyu, kakimbia yadi 40 kwa sekunde 4.4 na kaangusha watu 120 chuoni." Basi, imeisha. Video hakuna aliyeangalia. Timu inacheza ulinzi gani hakuna aliyeuliza. Huu ni uchambuzi au ramli?

Lainibeka kwa kawaida ni mlinzi wa safu ya pili, nyuma ya wale wa mstari wa mbele. Kwanza mnachanganya watu kwenye kapu moja. T.J. Watt anaandikwa lainibeka wa nje, lakini mkate wake ni kumkimbiza kwotabeki, yule mtupa pasi. Fred Warner anasimama yadi 4 au 5 nyuma ya mstari, anasoma mchezo, anaziba mwanya, anashuka kulinda pasi. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa, na mimi hapa nazungumzia ya Warner.

Sasa hizo yadi 40. Ni mita 36 na nusu kwenye mstari ulionyooka, hakuna anayekugusa, na unaondoka ukiamua mwenyewe. Lainibeka wa kati kazi yake mara nyingi inaamuliwa kwenye hatua mbili tatu za mwanzo. Kama lazima mshike saa, angalieni yadi 10 za kwanza na ile mbio fupi ya yadi 20 ya kwenda na kurudi. Humo angalau kuna kusimama na kugeuka.

Mmeshasahau 2019? Pittsburgh walitoka chaguo la 20 mpaka la 10 kumfuata Devin Bush, aliyekimbia 4.43. Walitoa chaguo lao la kwanza, la pili, na la raundi ya tatu ya 2020. Ni kweli goti lilimharibikia 2020, hilo tumhurumie, lakini 2022 timu ilikataa kumwongezea mwaka wa tano na akaondoka. Mwaka 2020 Arizona wakamchukua Isaiah Simmons chaguo la 8: kilo 108, mbio 4.39, chuoni Clemson walikuwa wanamweka kila kona ya uwanja. Alipoambiwa asimame katikati asome ukuta wa mbele wa wapinzani, mambo yakawa mengine. Agosti 2023 akapelekwa Giants kwa chaguo la raundi ya saba. Warner je? Mbio 4.64, chaguo la 70 mwaka 2018.

Tofauti iko machoni. Tuuangalie mchezo mmoja taratibu.

Dauni ya pili (jaribio la pili kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10), zimebaki yadi 4. Mpira unatoka. Gadi wa kushoto (wa ukuta wa mbele wa washambuliaji, jirani na senta anayeutoa mpira) hasukumi mbele, anachomoka na kupita nyuma ya senta kwenda kulia. Wakati huo huo mkimbiza mpira anapiga hatua moja ya uongo kwenda kushoto. Lainibeka anayejua kazi macho yake yako kwa gadi, kwa hiyo mguu wake wa kwanza unakwenda alikokwenda gadi, mabega yakiwa yametazama mbele, na anakutana na mpira kwenye yadi 1. Huyu wenu wa 4.4 anamwangalia mkimbiaji. Anakula chambo hatua mbili, anashtuka, anageuka kwa kasi ya ajabu, anamfikia mtu na kumwangusha baada ya yadi 7. Watangazaji wanashangilia spidi yake, na kwenye takwimu hao wawili wameandikiwa kitu kimoja: kaangusha 1.

Kwa hiyo hiyo 120 yenu haina maana mpaka mseme aliwaangushia wapi. Chukueni daftari, kila aliyeangushwa andikeni ni yadi ya ngapi kutoka kwenye mstari. Tengeni alizoangusha peke yake na zile alizodandia rundo, maana watunza takwimu wa vyuoni wengine ni wakarimu mno kwa mwenyeji. Halafu hesabuni waliomponyoka. Aliyeangusha 120 na kukosa 25 amekosa 25 kati ya 145, ambayo ni asilimia 17. Mimi ikipita 15 naanza kukunja uso.

Video ya televisheni haitoshi, maana kamera inafuata mpira. Tafuteni ile ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22, na ya nyuma ya goli kama ipo. Mechi tatu tu: moja dhidi ya timu inayokimbiza mpira kwa nguvu, moja dhidi ya wapasi, na moja ambayo timu yake ilikuwa imeshalemewa robo ya nne. Simamisheni picha mpira unapotoka, sogezeni kidogo kidogo. Mguu wa kwanza umekwenda wapi? Kuna wanaorudi nyuma nusu hatua kila mara, na nusu hatua hiyo inampa gadi wa kilo 140 nafasi ya kumfikia. Kwenye danganya toto, ile kwotabeki anajifanya kumpa mkimbiaji mpira, angalieni kama lainibeka anaona kofia za ukuta wa mbele. Kofia zikiinuka ni pasi, zikishuka ni mbio. Anayerukia mbele huku kofia zimeinuka ameacha uwazi mgongoni mwake, na ligi kuu mpira unapita hapo hapo.

Kingine ni wenzake wanaosimama mbele yake. Timu ya chuo cha Georgia ya 2021 ilikuwa na Jordan Davis wa kilo 154, Devonte Wyatt na Jalen Carter. Magadi walikuwa na kazi ya kutosha na hao vibonge, kwa hiyo nyuma yao lainibeka walitembea jezi safi. Watatu walichaguliwa 2022: Quay Walker la 22, Nakobe Dean la 83, Channing Tindall la 102. Tindall alikuwa mwepesi kama swala, na Miami hakupata namba ya kudumu kwenye ulinzi. Mkiona kijana hajaguswa mechi nzima msiseme "anakwepa vizuri". Tafuteni ile michezo michache gadi alimfikia, muone mikono yake ilifanya nini.

Na uwanja wenyewe si ule ule! Mistari ya katikati inayopanga mpira uwekwe wapi, vyuoni imeachana futi 40, NFL ni futi 18 na nusu. Mpira ukiwekwa pembeni chuoni, upande mmoja una mita 18 na mwingine 30, kwa hiyo kocha anaweza kumficha lainibeka mzito upande mfupi msimu mzima. NFL hakuna pa kujificha. Kwa upande mwingine muwe na haki: kwenye michezo ya RPO (kwotabeki anaamua papo hapo ampe mkimbiaji mpira au apige pasi) sheria ya chuo inaruhusu ukuta wa mbele kusogea yadi 3 kabla ya pasi, NFL ni 1. Kijana anayeonekana amepigwa bumbuwazi chuoni wakati mwingine ameonewa na sheria.

Mahitaji ya timu sasa, maana hapa ndipo mnapoboa zaidi. Timu nyingi siku hizi zinakaa na mabeki watano wa nyuma zaidi ya nusu ya mchezo, hivyo lainibeka uwanjani ni wawili. Ukisema "tunahitaji lainibeka" sema ni yupi. Anayepanga wenzake, mwenye redio kwenye kofia inayokatwa zikibaki sekunde 15? Au wa kufukuzana na taiti endi, yule mpokea pasi mwenye mwili mkubwa? Kama ni wa tatu, huyo anatafutwa raundi za mwisho na atakula mkate kwenye timu za mateke, zile zinazoingia mpira ukipigwa kwa mguu. Mwaka 2024 raundi ya kwanza iliisha bila lainibeka wa kati hata mmoja. Wa kwanza kuitwa alikuwa Edgerrin Cooper, la 45, Green Bay. Nyie mnatoa chaguo la 12.

Ripoti ya daktari nayo hamuitaji kabisa. Payton Wilson alikimbia 4.43 na ana tuzo ya Butkus ya 2023, ya lainibeka bora wa vyuo, ila kwa historia ya majeraha yake akateremka mpaka chaguo la 98.

NYONGEZA: Kuna mdau hapo chini ananiletea Zack Baun, eti video zilidanganya kila mtu. Mkuu, soma tena. Chuoni Wisconsin alikuwa mkimbiza kwotabeki. Saints wakamchukua la 74 mwaka 2020, akazungushwa huku na huku. Eagles 2024 wakampa mkataba wa mwaka 1, kocha wao wa ulinzi Vic Fangio akamsimamisha katikati, akaingia kikosi bora cha ligi. Mtu ni yule yule, kazi ndiyo iliyobadilika. Umenisaidia hoja.

Mwenye jina lake alete na mechi tatu na dakika za kuangalia. Yadi 40 bakini nazo. Povu ruksa.