Hedhi haijarudi baada ya upasuaji wa uzazi
Swali (Tabora): Wapendwa, mama alijifungua kwa kisu, kisha akasafishwa kizazi kwa mabaki ya kondo. Ameachisha kunyonyesha miezi 5 sasa, hedhi hakuna, ila kila mwezi tumbo la chini linamkaba. Aanzie wapi?

Jibu: Mimba ipimwe kwanza. Sindano ya uzazi wa mpango nayo huchelewesha hedhi miezi mingi.

Jibu: Maumivu ya kila mwezi bila damu yananitia shaka: huenda damu inatengenezwa, njia imeziba. Kisu chenyewe husababisha hivyo mara chache. Kukwangua, yaani kule kusafishwa kizazi, ndiko huchuna utando wa ndani, kuta zikagandana. Pale hospitali ya Kitete, Tabora, aonane na bingwa wa wanawake, apigwe altrasaundi ya ukeni. Homoni zikiwa sawa, anahitaji kamera ya kizazi, makovu yakatwe yakionekana. Asikwanguliwe tena gizani, yaani bila kamera, jamani!

Jibu: Dawa za "kufungua kizazi" aache kabisa. Akipata homa au uchafu unaonuka, aende leo leo.