Nyota moja za uongo na mteja anayetaka hela: kunyamaza, kujibu, kuripoti au wakili?

Fundi_Kompyuta

Wadau, habari za muda. Nina karakana ndogo ya kutengeneza kompyuta, tuko watatu. Ukurasa wetu wa Google ulikuwa na maoni 58 na wastani wa nyota 4.7, na wateja wengi wanatufikia kwa sababu ya hizo nyota. Wiki mbili zilizopita yametukuta mawili kwa mpigo.

Kwanza, mteja alileta laptopu iliyomwagikiwa maji. Kabla hatujaifungua tulimweleza kwamba mafaili huenda yasipatikane, akasaini fomu. Hayakupatikana. Sasa ananiandikia WhatsApp kwamba anataka malipo ya uchunguzi yarudi na juu yake fidia mara tano, la sivyo ataweka nyota moja kila mahali na kuwaambia jamaa zake nao waweke.

Pili, usiku wa juzi na wa jana yameingia maoni tisa ya nyota moja kutoka kwa akaunti zisizo na picha, na majina hayo hayamo kwenye daftari letu la kazi. Wastani umeshuka hadi 4.2. Sijui kama ni yeye au ni mtu mwingine kabisa.

Njia ninazoziona ni tano: ninyamaze, nijibu hadharani, niripoti, nimlipe yaishe, au niende kwa wakili. Aliyepitia haya anilinganishie. Usingizi umenipaa.

Mshona_Mikoba

Pole sana kaka. Kwenye hizo tano, ya kumlipa ifute leo hii. Mimi nililipa. Mteja alidai zipu imeharibika, akatishia kuandika, nikamrudishia hela yote na nyongeza. Baada ya mwezi mmoja alikuja na mkoba mwingine ambao hata sikuushona mimi, kwa maneno yaleyale. Alishajua bei yangu ya kuogopa.

Tulivu

Mimi ni wa kunyamaza. Nina biashara ya uchapaji, mwaka wa saba sasa, na sijawahi kujibu hata neno moja. Ukijibu unampandisha hadhi mtu ambaye angesahaulika. Watu wana akili, wanajua maoni ya chuki wakiyaona.

Karani_wa_Kurasa

Tulivu, nakuheshimu, ila hapo tunatofautiana. Kazi yangu ni kusimamia kurasa za biashara ndogo na nimeona kimya kinavyosomwa. Msomaji hakujui. Akikuta tuhuma nzito haina jibu kwa miezi sita, anasema lisemwalo lipo. Watafiti Davide Proserpio na Georgios Zervas walichunguza hoteli kwenye Tripadvisor, jukwaa la maoni ya wasafiri, utafiti wao ukachapishwa mwaka 2017. Hoteli zilizoanza kujibu zilipata maoni 12% zaidi, na wastani ukapanda kwa nyota 0.12. Sababu mojawapo waliyoieleza ni kwamba mtu mwenye lalamiko dogo dogo anasita kuandika akijua mwenye hoteli anasoma na atamjibu. Na nyota ni hela: Michael Luca wa Harvard mwaka 2011 aligundua kwamba nyota moja ya ziada kwenye Yelp, jukwaa la Marekani la maoni ya wateja, iliongeza mapato ya migahawa kwa 5 hadi 9%, na faida hiyo ilikuwa ya migahawa inayojitegemea, si ile yenye matawi mengi na jina kubwa. Yaani ni sisi wadogo.

Sasa Fundi, yako ni mambo mawili, usiyachanganye.

Hilo la vitisho si suala la maoni, ni suala la ushahidi. Usifute mazungumzo hata kama yanakuumiza. Piga skrinshoti zinazoonyesha namba, tarehe na saa, kisha tumia ile sehemu ya WhatsApp ya kuhamisha mazungumzo yote kwenye faili, ulihifadhi pahala pengine nje ya simu. Mjibu mara moja tu, kwa adabu, kwamba malalamiko yake kuhusu kazi utayasikiliza na kwamba hutalipa chochote kwa ajili ya maoni. Baada ya hapo usiongeze neno. Halafu ripoti kabla hajaandika. Tripadvisor wana sehemu ya mwenye biashara kutoa taarifa ya vitisho mapema, na wanahimiza utoe taarifa hiyo kabla maoni hayajaingia kwa sababu baadaye ni vigumu kuthibitisha. Google nao wana fomu ya kuripoti watu wanaodai hela kwa kutumia maoni.

Zile tisa, ziripoti moja moja. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaandika "si kweli". Google haamui nani mkweli kati yako na mteja. Anaondoa kinachovunja kanuni zake, kama maoni ya mtu ambaye hakuhudumiwa, ya mshindani wako au mfanyakazi wako wa zamani, matusi, vitisho, au mambo yasiyohusu biashara. Chagua kanuni iliyovunjwa hasa. Wakikataa, kuna rufaa, na rufaa ni moja kwa kila maoni, kwa hiyo usiitume kwa hasira usiku wa manane. Tengeneza jedwali kwanza: jina la akaunti, saa ilipoandika, imeandika wapi kwingine, na kwamba daftari lako halina kazi ya jina hilo. Tisa kwa usiku mbili, zote bila picha, ni mkururo unaoonekana kwa macho.

Fundi_Kompyuta

Asante sana. Nimeanza jedwali. Akaunti tano kati ya tisa zimewapa nyota moja karakana zilezile nne za miji tofauti, siku ileile. Kwa hiyo huenda si yule mteja.

Nimeandika jibu la kuweka chini ya mojawapo, naomba mlisome: "Wewe ni mwongo, hujawahi kufika hapa. Tunajua umetumwa na nani. Yule mwenye laptopu iliyoloa aliyetaka mafaili ya kampuni yake atafute kazi ya kufanya."

Mama_Vitabu

Usilitume hilo, mwanangu! Umetaja mteja kwa tatizo lake na mafaili ya kampuni yake mbele ya dunia nzima. Hata kama hukuandika jina, yeye atajijua na wenzake kazini watamjua. Kuanzia hapo mwenye lalamiko la haki ni yeye.

Karani_wa_Kurasa

Mama kasema kweli. Na hiyo "mwongo" ni hatari, kwa sababu watu hutumia jina moja kwenye risiti na jingine kwenye Google. Nimeshawahi kumwona mwenye duka akimwita mteja wake halisi tapeli kwa sababu risiti ilikuwa kwa jina la mumewe.

Jibu lako linasomwa na atakayekuja kesho kukutafuta. Yule aliyeandika huenda asirudi kabisa. Mimi ningeandika hivi: "Tumelitafuta jina hili kwenye kumbukumbu zetu za kazi na hatukulipata. Kama ulihudumiwa nasi kwa jina lingine, tupigie ukiwa na namba ya risiti, na fundi aliyeshika kazi yako atakueleza kilichofanyika." Linatosha. Usibandike maneno hayohayo chini ya zote tisa, jibu mbili tatu za juu tu kisha subiri zilizoripotiwa.

Mshona_Mikoba

Na mimi nitumie fursa. Nikiwaomba ndugu na marafiki ishirini waweke nyota tano ili kuzizamisha zile mbaya, kuna ubaya gani? Wote wanaijua kazi yangu.

Karani_wa_Kurasa

Dada, ubaya upo. Huo nao ni uongo kama ule, na siku hizi una sheria zake. Marekani, kanuni ya tume ya biashara, FTC, ilianza kutumika Oktoba 2024: kununua au kutunga maoni kunaadhibiwa, na maoni ya ndugu wa mwenye biashara yasiyotaja undugu huo yamo. Kanuni hiyohiyo inakataza kumtisha mteja ili afute maoni. Uingereza maoni ya kutunga yamepigwa marufuku tangu Aprili 2025. Hata pasipo sheria hizo, jukwaa likigundua linaweza kuyafuta yote, na yale ya haki yakaenda nayo.

Waombe wateja halisi, wote, siku mnapowakabidhi kazi. Google hataki uwachuje wale waliofurahi tu. Ila Fundi, jua hesabu yake kabla hujakata tamaa: kwa maoni 67 yenye wastani wa 4.2, unahitaji nyota tano zipatazo 40 kufika 4.5, na zipatazo 111 kurudi 4.7. Kuondoa zile tisa kunakurudisha palepale mara moja. Ndiyo maana nakusisitizia jedwali kwanza.

Wakili_Mstaafu

Nimesoma yote. Kuhusu njia ya sheria, nieleze ilivyo ili msiende mkidhani ni ya mkato.

Mahakama nyingi hutenganisha maoni na tuhuma. "Huduma yao mbovu, sirudi tena" ni maoni ya mtu, hata yakikuchoma. "Waliiba diski yangu" ni tuhuma ya jambo lililotokea au halikutokea, na hiyo inaweza kuwa kashfa. Sheria ya kashfa ya mwaka 2013 kwa Uingereza na Wales inataka biashara ionyeshe hasara kubwa ya fedha, au kwamba kuna uwezekano wa kuipata, na muda wa kufungua kesi ni mwaka mmoja. Anayengoja hasira ipoe hukuta mlango umefungwa.

Kulishtaki jukwaa lenyewe ni kugumu zaidi. Marekani kuna kifungu cha 230 cha sheria ya mwaka 1996 kinacholikinga jukwaa dhidi ya maneno ya watumiaji wake. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba Yelp haiwezi kulazimishwa kufuta maoni, ingawa mwenye ofisi ya sheria alikuwa ameshapata hukumu dhidi ya aliyeyaandika. Umoja wa Ulaya umekwenda njia nyingine: tangu Februari 2024 sheria yao ya huduma za kidijitali inayataka majukwaa yawe na njia ya kupokea ripoti na kutoa sababu za uamuzi.

Pia fikirieni kelele. Mwaka 2003 Barbra Streisand, mwimbaji na mwigizaji wa Marekani, alidai dola milioni 50 kwa picha ya nyumba yake ya Malibu. Kabla ya kesi picha hiyo ilikuwa imepakuliwa mara 6, mbili kati ya hizo na mawakili wake mwenyewe. Mwezi uliofuata ilitembelewa na zaidi ya watu 400,000. Mwaka 2014 hoteli moja ya Hudson, New York, ilikuwa na sharti la kutoza dola 500 kwa kila maoni mabaya ya wageni wa harusi. Habari ilipotoka, ukurasa wake ukafurika nyota moja kutoka kwa watu ambao hawajawahi kulala pale. Miaka miwili baadaye Marekani ikapitisha sheria ya kubatilisha mikataba ya aina hiyo.

Lakini kudai hela kwa kitisho ni habari nyingine. Katika nchi nyingi ni kosa la jinai. Hapo mlango wa kwanza ni polisi ukiwa na ushahidi wako, na barua ya wakili ikija, ihusu kitisho, isihusu nyota.

Mama_Vitabu

Shikamoo mzee, asante kwa darasa. Fundi, nikuulize jambo moja na usikasirike. Ile fomu aliyosaini mteja, mlimsomea?

Fundi_Kompyuta

Sikasiriki, mama. Tulimweleza kwa mdomo. Ila nimeisoma tena leo: sentensi ya mafaili kutopatikana iko chini kabisa kwa maandishi madogo, na haisemi popote kwamba malipo ya uchunguzi hayarudi. Hapo ana hoja.

Karani_wa_Kurasa

Basi mrudishie malipo ya uchunguzi kwa sababu ni haki yake, kwa risiti, na usitaje maoni hata kidogo. Ukisema "nakurudishia ukikubali kutoandika" umeshanunua kimya chake. Fidia mara tano usiiguse.

Fundi_Kompyuta

Mrejesho baada ya siku kumi na mbili. Zile nyota moja, sita kati ya tisa zimeondolewa. Tatu wamekataa kuziondoa, nimekata rufaa kwa zote tatu na jedwali nimeliambatanisha. Wastani ni 4.5.

Mteja wa laptopu nilimrudishia malipo ya uchunguzi, na kitisho nimekipeleka polisi nikapewa namba ya taarifa. Hajatuma ujumbe tena. Juzi ameandika maoni: nyota mbili, kwamba hakuelezwa vizuri kuhusu malipo. Hajatukana, wala hajasema uongo, kwa hiyo sikuripoti. Nimejibu kwamba ni kweli fomu yetu haikusema hilo wazi, tumeiandika upya, na sasa tunamsomea kila mteja kabla ya kufungua mashine.

Tulivu

Hilo jibu la nyota mbili nimelisoma mara mbili. Nina maoni matatu ya tangu mwaka jana sijayajibu. Karani, mtu akichelewa miezi minane bado inafaa kujibu?

Karani_wa_Kurasa

Inafaa. Anza na lile ambalo mteja ana haki, na taja kwamba umechelewa.